Tango Halichomi Mafuta, Linachukua Tu Nafasi ya Maharage

Wenzangu wa Rhino Camp, Imvepi na Lobule, pamoja na nyinyi wa ofisini Arua na Koboko mnaosoma maandishi yetu, leo nataka kusema juu ya tango. Najua wengine mtacheka. Chekeni kidogo, halafu msome mpaka mwisho, maana kuna watu wanaumia.

Kwa miezi kadhaa sasa kuna video zinazunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. Wengine wanaziona TikTok, wengine Facebook kwa VPN, kwa sababu Facebook imefungwa Uganda tangu Januari 2021, lakini video ya kupunguza tumbo haijawahi kushindwa na kizuizi chochote. Maneno ni yale yale. Eti kuna vyakula ambavyo mwili unatumia nguvu nyingi kuvisaga kuliko nguvu vinavyokupa. Tango, kabichi, tikiti maji, limau, pilipili, na ile selari ya Wazungu yenye mashina marefu ya maji ambayo sisi hata sokoni Arua hatuioni mara nyingi. Unakula, tumbo linafanya kazi, mafuta ya mwili yanaungua yenyewe. Ukila zaidi unapungua zaidi. Nani atakataa kitu kama hicho?

Wasichana wetu wamekubali. Mama zetu wenye presha wamekubali. Na mimi nimemsikia kwa masikio yangu mfanyakazi mmoja wa shirika, mtu mwenye kitambulisho shingoni, akiwaambia akina mama kwenye mafunzo kwamba kabichi inachoma kalori. Hapo ndipo niliona kwamba lazima mtu aandike.

Msimamo wangu nausema mapema. Hakuna chakula kinachokula mafuta yako. Uongo huu ukisemwa kwa mtu wa Melbourne mwenye friji iliyojaa, atapoteza wiki mbili na hela ya matango. Ukisemwa kwa mtu wa kambini ambaye mgao wake umekatwa, anaweza kupoteza zaidi.

Tuanze na ukweli uliopo ndani ya uongo, kwa sababu uongo mzuri huwa na kipande cha ukweli. Ni kweli mwili unatumia nguvu kusaga chakula. Kutafuna, tumbo kukoroga, utumbo kunyonya, ini kupanga vitu mahali pake, yote hiyo ni kazi, na kazi inahitaji kuni. Kwa mlo wa kawaida wenye mchanganyiko, kazi hiyo inachukua karibu 10% ya kalori ulizokula. Mafuta yanasagwa kwa gharama ndogo sana, kati ya 0 na 3%. Wanga kama posho na muhogo ni kati ya 5 na 10%. Protini ndiyo ghali, kati ya 20 na 30%. Ukiangalia hizo namba vizuri, hakuna hata moja inayofika 100. Ili chakula kikutoe zaidi ya kinachokupa, lazima kipite 100.

Sasa tuchukue tango lenyewe. Tango kubwa la gramu 300 lina kalori kama 45 hivi, maana karibu lote ni maji. Kulisaga kunakula kalori nne au tano. Basi tufanye tumekuwa wakarimu, tuseme tumbo lako ni mvivu na linatumia mara tatu ya hapo. Bado zinabaki zaidi ya kalori 30 kwenye mwili wako. Kidogo sana, lakini ni kuingia, hakuna kutoka. Na maji baridi ambayo wanayasifu? Nusu lita ya maji ya barafu, mwili kuyapasha mpaka joto lake, ni kalori kama 16. Ni kama kijiko kimoja kidogo cha sukari. Na barafu yenyewe hapa Ofua utaitoa wapi, maji ya bomba letu yanatoka yamekaa juani kwenye tangi.

Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama, Marekani, ambao mwaka 2019 walitoa kazi yao juu ya jambo hili hili. Walichukua mijusi, ile aina ya Australia yenye miiba shingoni, wakawalisha selari wakapima kila kitu, mpaka kinyesi. Selari ndiyo mfalme wa hizi hadithi. Hata baada ya kutoa nguvu ya kusaga na kile kilichotoka nje, mjusi alibaki na karibu robo ya nguvu ya chakula. Mjusi sio binadamu, sawa. Lakini kama selari imeshindwa kumtoa mjusi hasara, mimi sioni tango litafanyaje kwa mama wa Imvepi anayetembea na jerikeni kichwani.

Na kuna kitu kingine katika zile asilimia ambacho kinanikera. Kama unataka chakula ambacho mwili unakifanyia kazi kubwa na kinakushibisha muda mrefu, hicho ni protini. Yaani maharage, samaki, angara, mayai, nyama. Ndivyo vile vile ambavyo vinapungua kwenye sahani zetu. Yule anayeacha maharage ili ale matango ameacha chakula chenye kazi kubwa kwa kile chenye kazi ndogo. Amefanya kinyume cha video yenyewe, na yeye anafikiri anaifuata.

Mtu atasema, "Lakini dada yangu alikula matango akapungua kilo tatu, nimeona." Ndiyo, alipungua. Sikatai. Alipungua kwa sababu kabla ya hapo alikuwa anakula posho na maharage, na sasa anakula matango peke yake. Angekula nusu sahani ya posho angepungua pia. Siku za kwanza kinachotoka ni maji zaidi, na utumbo unakuwa mtupu. Mzani unashuka haraka, mtu anafurahi, anapiga picha. Halafu mwili ukikosa chakula kwa muda hauchomi mafuta peke yake, unachukua na nyama ya misuli. Ukirudi kula kawaida, kilo zinarudi, ila misuli hairudi haraka hivyo. Ndiyo maana wengi wanarudi wazito kama zamani na nguvu wamepoteza.

Wasichana, msikasirike, lakini hii ni kwenu zaidi. Najua inatoka wapi. Binamu amepelekwa Kanada au Australia, anapiga simu ya video, amevaa suruali ya kubana, anasema, "Mbona tumbo hivyo?" Wavulana nao wanaandika upuuzi chini ya picha za watu. Nyumbani bibi anasema mwanamke lazima awe na mwili, ukikonda watu wananong'ona kwamba una ugonjwa. Katikati ya hao wawili msichana wa miaka kumi na nane anachagua simu. Jirani yangu mmoja alishinda siku tatu kwa matango na limau, siku ya nne akaanguka kwenye foleni ya maji na jerikeni ikampasukia mguuni. Tulimpa chai ya sukari na mandazi. Akaamka akauliza mandazi moja ina kalori ngapi! Tulicheka wote, na yeye pia, lakini mimi usiku huo nilifikiria sana lile swali.

Mwili wa msichana unapoteza damu kila mwezi. Anahitaji chuma, na chuma iko kwenye maharage, dagaa, nyama, na kidogo kwenye dodo na osubi. Kwenye tango utaitafuta mpaka ulale. Kabichi ina faida zake, vitamini C inayo, lakini haijengi damu ya mtu peke yake. Kesho akipata mimba, na hapa tunajua mimba za mapema zilivyo, ataingia nayo akiwa tayari hana damu.

Kisa kilichonifanya nishike simu niandike ni cha mama mmoja, sitasema wa kijiji gani. Ana kisukari. Ni mnene, kweli. Alienda kituo cha afya, foleni ndefu, akaonana na mtu wa huduma kwa dakika chache, akapewa vidonge na neno moja: "Punguza uzito." Basi. Hakuna aliyemuuliza anakula nini, mara ngapi, na nani anapika. Mama akarudi nyumbani na lile neno, akamuuliza mtoto wake, mtoto akafungua simu. Video ikasema matango. Mama ni mtu wa kutii, akala matango siku mbili na vidonge akameza kama alivyoambiwa.

Wanaojua kisukari wameshaelewa. Kuna vidonge vya kisukari ambavyo vinashusha sukari ya damu uwe umekula au hujala. Havisubiri chakula. Siku ya pili jioni mama alitokwa jasho jingi, mikono ikatetemeka, akaanza kumwita binti yake kwa jina la dada yake aliyekufa. Majirani wakasema ni mapepo. Mmoja akaleta maji ya sukari, akampa kidogo kidogo, ndiyo ikamrudisha, halafu boda ikampeleka. Yuko hai. Naomba kila mtu ambaye nyumbani kwake kuna mgonjwa wa kisukari akumbuke hizo dalili: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Kama bado anaweza kumeza, sukari kwanza, maombi na boda baadaye. Akiwa amezimia kabisa usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize.

Je, yule mama hakutakiwa kupunguza uzito? Alitakiwa, na hapa ndipo wengi wanatuuliza swali ambalo linatuumiza. Mgeni anakuja kambini, anaona mama mnene, anasema, "Kumbe chakula kipo." Nimesikia mpaka wakimbizi wenyewe wakisema hivyo juu ya jirani zao, kwamba fulani asingepewa mgao na ule mwili.

Tuseme ukweli na namba. Kipimo ambacho mashirika yanatumia kwa mtu mmoja kwa siku ni kalori 2,100. WFP ilikata mgao wa wakimbizi Uganda Aprili 2020 ukawa 70%. Februari 2021 ukawa 60%. Ukipiga hesabu, 60% ya 2,100 ni kalori 1,260. Mwaka 2023 wakatupanga kwa makundi, wengine wakabaki na 60, wengine 30, wengine wakatolewa kabisa. Mei 2025 pesa ikaisha zaidi na karibu watu milioni moja nchi nzima wakaondolewa kwenye msaada wa chakula. Hii sio siri, imetangazwa.

Sasa mtu ambaye mgao umekatwa anakula nini? Anakula kile ambacho hela kidogo inaweza kununua kwa wingi. Unga mweupe. Muhogo. Mafuta, ambayo kijiko kimoja kikubwa ni kalori kama 120. Chai yenye sukari vijiko vinne, asubuhi na jioni, kwa sababu sukari inaua njaa haraka. Chapati ya kando ya barabara. Mayai, kama kuku anataga, yanauzwa ili kununua sabuni. Samaki ni siku ya bahati. Kwa hiyo mwili unapata wanga na mafuta, unakosa protini, chuma na mboga. Mtu ananenepa huku damu hana. Katika nyumba moja utamkuta mama mnene na mtoto aliyekonda, wanakula sufuria moja. Watu wa lishe wanalijua hilo siku nyingi na wana jina lake, mzigo mara mbili. Unene wa mama haukupi taarifa yoyote kuhusu kama nyumba ina chakula. Unakuambia nyumba inanunua nini.

Na hapo ndipo video ya tango inakuwa mbaya zaidi. Mama akishaamini kwamba tatizo lake litachomwa na tango, anatoa hela ya maharage kununua tango. Msimu wa kiangazi, matango yakipanda bei pale Arua, unaweza kumkuta mtu ametumia bei ya kikombe cha maharage kwa matango mawili. Maharage makavu gramu 100 ni kalori zaidi ya 300, na protini zaidi ya gramu 20. Amebadilisha ng'ombe kwa kamba.

Sitaki hata kuanza na zile chai za kupunguza tumbo wanazouza kwa siri. Nyingi zina majani ya sena, dawa ya kuharisha. Unaharisha, unapoteza maji na chumvi, mzani unashuka, mafuta yako yamekaa pale pale yanakuangalia.

Turudi nyuma kidogo, kwa wale ambao tumetoka Sudan Kusini au ndugu zetu wametoka huko. Februari 2017, mwezi ambao Imvepi ilifunguliwa, ndio mwezi ambao njaa kuu ilitangazwa Leer na Mayendit, jimbo la Unity. Watu kule walikuwa wamejificha kwenye maji, wanakula mayungiyungi na mizizi yake. Waliofika hapa wanasimulia. Ukiwauliza, hakuna atakayekuambia kwamba yungiyungi lilichoma mafuta yake. Watakuambia lilijaza tumbo na halikutosha. Hiyo ndiyo kazi ya chakula chenye maji mengi na nguvu kidogo: kinajaza, hakitoshi. Kwa mtu aliyezidiwa na chakula, kujaza bila kutosha ni faida, na ndiyo maana tango ni chakula kizuri kwake pembeni ya sahani. Kwa mtu ambaye tayari hatoshelezwi, ni hasara tupu.

Sisi wa kujitolea tunaozunguka na tepi ya kupima mkono wa watoto tunalijua hili kuliko tunavyofikiri. Mkono chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kati ya hapo na 12.5 ni njano. Mara nyingi nikiuliza mtoto wa njano anakula nini, mama anasema anakula vizuri, mara tatu, uji. Ukiomba kuuona ule uji, ni maji yenye rangi ya unga. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, likijaa maji limejaa. Tunamwambia mama aongeze unga uwe mzito, aweke simsim iliyosagwa au njugu, kijiko cha mafuta. Tunamfundisha kukimbia chakula cha maji. Halafu jioni, mama yule yule anaambiwa na simu kwamba chakula cha maji ni dawa, na anapika sufuria moja kwa watu wote. Mnaona mtoto anaingia wapi kwenye hadithi hii?

Kwa hiyo nina maombi kwa wafanyakazi wa mashirika na wa vituo vya afya, na nayasema kwa heshima. Neno "punguza uzito" msilitoe peke yake. Mnajua tunakula nini, mnakuwa nasi siku ya mgao. Mwambieni mama apunguze sukari ya chai kutoka vijiko vinne mpaka kimoja, apime mafuta kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye chupa, apunguze posho, maharage na osubi viwe vingi kuliko posho pale inapowezekana. Mwambieni mwenye vidonge vya sukari asiruke mlo. Muda mnao mchache, najua, lakini hayo ni maneno ya dakika mbili. Na kama hamna hizo dakika, tuandikieni sisi, tutazunguka nayo nyumba kwa nyumba kwa Kiswahili, Kilugbara, Kikakwa, Juba Arabic, Kilingala, lugha tunazo.

Na wale wanaopanga makundi ya mgao, asiwepo hata mmoja wa kutazama kiuno cha mama.

Kwa wenzangu wa grupu, kitu kimoja tunaweza kufanya bila kusubiri bajeti. Kwenye maonyesho ya mapishi yajayo tuazime mzani. Ile paketi ya siagi ya karanga ya watoto wenye utapiamlo ni gramu 92 na ina kalori 500. Ili upate kalori hizo kwa matango unahitaji kilo tatu na zaidi. Tuweke paketi moja upande huu, rundo la matango upande ule, akina mama na wasichana waje waone na wabebe kwa mikono yao. Paketi ni ya mgonjwa, hiyo tutairudisha. Matango tutayakata, chumvi na limau, tuyale na maharage. Nani anaweza kuleta mzani?